Mgongaji wa Uwanja wa Wenrich

Lorna Hostetter alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, katika mabonde ya Pennsylvania, sehemu ambako msichana hupewa gongo la hoki kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kaka zake walikwenda kwenye mieleka, yeye akasimama golini. Alikuwa akisema kwamba kipa ndiye mtu pekee uwanjani anayeruhusiwa kutulia akawaza. Aliidakia timu ya chuo cha Wenrich mpaka akahitimu, akafundisha sekondari kwa muda, kisha chuo kikamrudisha awe kocha wa wasichana. Hakuolewa. Aliishi kwenye nyumba ya matofali iliyotazamana na uwanja, yeye na paka wake mnene, na kila Jumatano alipika sufuria kubwa ya supu ya kuku na mahindi, wachezaji wakaja kuikomba.

Timu yake ilikuwa nzuri, hilo hata wapinzani walikiri. Septemba walishinda, Oktoba walishinda. Ikiingia Novemba, mechi za mtoano zikianza, Wenrich walitolewa. Mara kwa bao la dakika ya mwisho, mara kwa penalti, mara moja na timu waliyokuwa wameitandika sita bila majuma machache nyuma. Timu ya soka ya wavulana nayo ilikuwa vivyo hivyo. Kocha wao, Galen Brubaker, mtu wa mzaha na kitambi, alikuwa akiulizwa kwenye duka la donati, "Galen, Novemba hii unatolewa lini, nijue siku ya kwenda kuwinda kulungu?" Alicheka pamoja nao, ila masikio yalimwiva.

Jambo ambalo Lorna hakumwambia mtu ni ule mlio.

Goli la hoki lina ubao kwa chini, unaofika gotini, nyuma ya mstari. Mpira ukiugonga hulia kwa kishindo, na mlio huo ndio bao lenyewe. Kipa akiusikia nyuma yake hana haja ya kugeuka. Basi kila mwaka, asubuhi ya mechi moja ya mtoano, ukungu wa mtoni ukiwa umelala uwanjani, Lorna akiwa jikoni akisubiri kahawa, aliusikia. Paa! Mara moja tu, kutoka goli la upande wa mto. Geti lilikuwa na kufuli na ufunguo alikuwa nao yeye. Siku hiyo wakafungwa. Mara ya kwanza alidhani ubao umepasuka kwa baridi. Baadaye ilifika mahali paka alijibanza chini ya kabati kabla mlio haujatoka.

Kuna mwaka timu zote mbili zilifika robo fainali, zote nyumbani, wavulana Jumamosi na wasichana Jumapili. Jumamosi asubuhi Lorna akasikia kishindo. Alishangaa, kwa kuwa mechi yake ilikuwa kesho yake. Jioni ile vijana wa Galen wakalala bao moja, la kujifunga wenyewe.

Alimkuta Galen kwenye stoo ya vifaa, amekaa juu ya ndoo.

"Pole, Galen."

"Nilijua tangu asubuhi."

"Ulijuaje?"

"Utanicheka."

"Tumezeeka wote kwenye hiki chumba kinachonuka soksi. Nikucheke nini tena ambacho sijacheka?"

Galen akautazama mlango, kisha akanong'ona. "Kuna kitu kinagonga, Lorna. Kwenye goli lako kule mtoni. Nakisikia nikiwa naegesha gari. Kikigonga tu, tumekwisha."

Lorna akakaa juu ya mfuko wa mipira.

"Na wewe unakisikia," Galen alisema. Hakuwa anauliza. "Ningekuwa wewe ningeung'oa huo ubao nikautia jikoni."

"Refa hakubali goli lisilo na ubao, bwana."

"Basi sijui, mama. Labda kiwekewe kipa."

Alisema kwa mzaha. Lakini alfajiri Lorna alichukua pedi za kipa, zile za kukinga miguu, kutoka stoo, akavaa na kofia ngumu, akavuka barabara. Alijisikia mjinga. Nyasi bandia zilikuwa zimelowa, ukungu mzito hata mstari wa katikati hauonekani. Akasimama golini, mgongo kwa ubao.

"Kocha?"

Nusura apige yowe. Alikuwa Tessa Umholtz, kipa wake, amejifunika blanketi la bwenini.

"Umepitia wapi, mtoto?"

"Nimeruka ua. Nimekuja kumwona huyu anayefanya mazoezi asubuhi. Tangu mwaka juzi namsikia." Tessa akamtazama kuanzia kofia hadi miguuni. "Ni wewe, Kocha?"

"Si mimi. Nenda nyuma ya nyavu, ukae huko."

Hawakungoja sana. Kwanza zilisikika hatua, nyepesi, za mtu anayekimbia kwenye majimaji. Zikaja mpaka ukingoni mwa ukungu, zikasimama. Halafu gongo likalia, tak, na kitu kikampiga Lorna kwenye pedi ya kushoto kwa nguvu, akapiga goti. Ubao haukulia. Akatupa macho huku na huku: mpira haukuwepo. Palikuwa na pumzi tu, za mtu aliyechoka, karibu sana, kisha nazo zikakoma.

"Kocha," Tessa alisema nyuma yake, "nani kasema 'tena'?"

"Mimi sijasikia neno."

"Kasema 'tena'. Msichana."

Walibaki pale mpaka jua likaunywa ukungu, lakini hapakuja kitu. Kwenye majimaji zilionekana alama za viatu kutoka katikati ya uwanja hadi ukingo wa duara la kufungia mabao, mbele ya goli. Za kurudi hazikuwepo.

Mechi ilikuwa ngumu. Dakika za kawaida zikaisha bila bao, na za nyongeza vilevile. Kwenye penalti, Tessa aliruka kushoto kabla mpigaji wa mwisho hajapiga, akaupangua mpira. Wenrich wakashinda, watu wazima wakalia hadharani, Galen akambeba Lorna juu juu huku akimwambia, "Ulikiwekea kipa kweli, mwanamke wewe!"

Juma lililofuata, ugenini, walifungwa tatu kwa moja. Wenzao walikuwa na mbio zaidi, basi. Lorna alirudi na basi akila biskuti za chumvi, lile pigo la alfajiri likiwa limemwachia mguuni alama nyeusi ya duara ambayo haikufutika tena.

Tangu hapo kila asubuhi ya mtoano alivuka barabara, mchezo uwe wake au wa Galen. Miaka mingine alidaka, miaka mingine ubao ukalia nyuma yake. Chuo hakikujua. Galen alistaafu, akahamia Florida kwa ajili ya mifupa ya mkewe. Tessa alirudi kuwa kocha msaidizi, na magoti ya Lorna yalipogoma kabisa, alfajiri moja ya Novemba binti yule akabisha mlango wa jikoni, pedi tayari miguuni.

"Kunywa kahawa yako, Kocha. Mimi nitakwenda."

"Hukuogopa siku ile?"

"Niliogopa. Ila sauti yake si mbaya. Ni ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu."

Lorna alisimama dirishani akamwona akiingia kwenye ukungu mpaka akapotea. Akatega sikio. Gongo likalia, pedi ikajibu. Tena. Na tena. Halafu akamsikia Tessa akicheka, na kicheko cha pili, cha msichana, kikafuata; miaka yote aliyosimama golini yeye hakuwahi kukisikia.

Siku hiyo wasichana walishinda mabao manne. Lorna, aliyekuwa amemwachia Tessa timu, alikaa jukwaani, mikono mapajani, akimtazama Tessa kando ya mstari, na hakushangilia hata moja.