Mafiga Hayabebwi Safarini

Watu wakiniuliza habari za shoga yangu Daksha, huwa naanzia kwenye sahani, maana ndivyo tulivyojuana.

Ulikuwa mwaka 1968, Walthamstow, London. Mie nilikuwa nafanya usafi hospitalini, nimeshatoka Unguja tangu mambo yalipoharibika. Nyumba ya tatu kutoka kwangu wakahamia Wahindi wa Nakuru, mke na mume, waliowahi kuingia kabla serikali ya Uingereza haijawafungia mlango wenzao. Ilipofika Diwali, yule mume, Vinod, akapita nyumba hadi nyumba na sahani za vitamu. Majirani Waingereza wakapokea, wakasema asante sana, wakafunga milango. Mie nilipokea, na kesho yake nikairudisha sahani na visheti juu yake, kwani kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Daksha akafungua mlango, akaiona, akaanza kulia pale pale.

"Khaa! Visheti vyangu vibaya kiasi hicho?"

"Hapana, dada," akasema, kwa Kiswahili chake cha Nakuru. "Ni wewe wa kwanza kuja."

Alikuwa mwembamba, sauti ndogo, lakini kichwa chake kigumu. Akishona mapazia ya watu nyumbani, mguu kwenye cherehani na mdomo kwangu. Jina la mumewe halitaji, ndiyo adabu yao. Akimsema huyo ni "huyu mtu wangu", na ukimtania alitaje anajifunika uso kwa upindo wa sari kama bibi harusi.

Huyo mtu wake, Kenya alikuwa dereva wa watalii. Akiwachukua na mahema yao mpaka kwenye makorongo ya Kerio, wiki nzima wanalala porini. London alipata kazi ya kupanga vipuri kwenye maboksi. Alikuja na maneno mengi na vichekesho, lakini kufika kiangazi cha mwaka wa pili alikuwa hasemi ila "chai" na "asante". Kaka yake alikuwa Toronto, kila Jumapili anapiga simu kumwita. Vinod akakata shauri: mwezi wa tisa wanahama.

Daksha alikuwa na mimba ya miezi mitano. Akaja jikoni kwangu, akakaa, hata chai hakuitaka.

"Dada Jokha, nimezaliwa Kisumu, nikaolewa Nakuru, sasa niko hapa. Mtoto huyu nataka nimzae mahali nitakapomlea. Sitaki kufunga sanduku tena. Nimechoka, dada."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Anasema mahali ambapo mtu hatakiwi, hakai."

Nikataka kwenda kumpa shemeji yangu maneno yake. Daksha akanishika mkono. Yeye alikuwa ameshapanga lake. Kiwandani kwa Vinod kulikuwa na Singasinga mmoja, Gurdial, mwenye karavani kuukuu, kile kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari. Daksha alimshonea mkewe mapazia, akamwomba karavani na gari la kuikokota kwa siku tatu za mwisho wa Agosti. Akasikia kuna korongo upande wa magharibi, Cheddar, lina magenge ya kweli. "Tangu tufike huyu mtu wangu hajalala nje. Akilala nje labda moyo wake utatulia. Na wewe unakuja."

"Mie? Nikatafute nini porini? Mie mtu wa mjini!"

Nilikwenda. Nilichukua na samaki wangu wa kukaanga, nikasahau kwamba wale hawali kitu chenye roho, basi safari nzima nikakalishwa nyuma kabisa, dirisha wazi, mvua inanipiga upande mmoja wa uso. Lahaula! Daksha anageuka kila saa kuniangalia na kucheka, na nikamwachia acheke, kwa sababu siku nyingi sikuwa nimemwona hivyo.

Njia ya Cheddar inapita katikati ya magenge, mawe yamesimama huku na huku mpaka shingo inauma kuyatazama. Vinod akaendesha polepole, na kila kona anapiga honi ndefu, ndivyo alivyozoea kule kwao, ng'ombe wasije wakamkuta mbele. Waingereza wanatukodolea macho.

"Shemeji, ng'ombe gani hapa?"

"Dada, kona ni kona," akajibu. Halafu akasimamisha gari, akashuka mvuani, akaliwekea kiganja jiwe. "Korongo hili kule Kerio tungeliita mtaro," akasema. Lakini mkono hakuutoa. Daksha akanyoosha mkono nyuma, akanifinya paja mpaka nikapiga ukelele.

Palikuwa na kiwanja maalumu cha karavani. Vinod hakukitaka. "Kupangwa mstari? Maboksi nayaona kazini." Akapandisha mpaka juu, kwenye mashamba ya kondoo, akasimama mbele ya nyumba moja ya mawe. Akatoa pakiti ya sukari na pakiti ya majani ya chai, akaenda kubisha. Akafungua bibi mmoja wa makamo, mjane, jina lake Margaret. Akazitazama zile pakiti, akamtazama Vinod, akazipokea. Akatuonyesha uwanja kando ya ukuta, akatupa na kuni. Kisha akaingia ndani.

Vinod akasaka mawe matatu, akayapanga mafiga, akawasha moto. Mvua ilikuwa imekatika. Daksha akaweka birika, chai ya tangawizi. Mie nikamwuliza Vinod kwa nini hakubeba jiko la gesi la Gurdial.

"Mafiga ndiyo kambi, dada. Na mafiga hayabebwi safarini, kila unakokwenda mawe yapo. Unapika, asubuhi unayaacha, unakwenda zako."

Halafu akatueleza jambo ambalo laiti angetueleza Diwali ile. Kule Kerio, alisema, hupigi kambi kabla hujampelekea mwenyeji sukari na majani. Akishapokea, jioni anakuja mwenyewe kukaa motoni kwako, anakuuliza jina lako na la baba yako. Hapo umekuwa mgeni wake. Asipokuja, amekupokelea kwa adabu tu, lakini hakutaki. Alfajiri unafunga mizigo.

"Na huyu bibi?" akauliza Daksha.

"Tutaona. Asipokuja, tunafunga." Akachochea moto. "London nimepeleka sahani mtaa mzima. Wamepokea wote. Nani amekuja motoni kwangu? Dada Jokha peke yake, naye mgeni kama mimi. Imeniuma. Nasema kweli, imeniuma sana."

Mie nikamsogezea kikuni kingine.

Jua likaanza kushuka. Chai ikaiva, ikaondolewa motoni, ikarudishwa. Dirishani kwa yule bibi pazia lilikuwa linafunguka kidogo, linafungika tena. Vinod akaanza kukunja mkeka. Pole pole, hana hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamtazama Daksha. Ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Ghafla akainuka. "Dada, twende. Kiingereza changu hakitoshi."

"Twende wapi?"

"Kumwita."

"Haitwi," akasema Vinod. "Anakuja mwenyewe. Akiitwa haina maana."

Daksha akamgeukia, na ile sauti yake ndogo sikuisikia tena. "Vinod," akasema. Jina lake! Mbele yangu! Yule bwana alidondosha mkeka. "Vinod, mimi mtoto wangu simzai garini."

Akashika njia, mie nyuma nakokota viatu vyenye matope. Hata kabla hatujabisha vizuri mlango ukafunguka. Bibi Margaret alikuwa amevaa koti, ameshachana nywele, na mezani nyuma yake ipo keki imefunikwa kitambaa.

"Mwambie chai imeiva," akasema Daksha.

Nikamwambia. Yule bibi akashusha pumzi ndefu. "Nimekaa na koti hili tangu saa kumi," akasema. "Sukari yenu nimepikia keki. Lakini mtu huendi kwenye moto wa wenzako hujaitwa. Nilidhani hamnitaki."

Alaa! Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nilipomtafsiria Daksha, yeye hakucheka. Alimkumbatia yule bibi pale pale mlangoni, sari, matope na yote.

Motoni Vinod alisimama kumpokea, akampa mahali pazuri. Nikamweleza alichosema yule bibi, neno kwa neno. "Tangu saa kumi?" akauliza. "Na koti?" Halafu bibi akamuuliza jina lake, na kazi ya baba yake, na kama kule Kenya kondoo wanapata ugonjwa wa kwato. Loo, mdomo ulifunguka! Wakaongea kondoo mpaka mie nikasinzia na kipande cha keki mkononi.

Siku ya kurudi nilikalishwa mbele, samaki wamekwisha. Tulipofika Walthamstow, Vinod akasema anakuja, akaenda zake. Sisi tukaanza kushusha vitu. Daksha akavuta blanketi chini ya kiti cha karavani, likamshinda uzito.

"Dada, njoo unisaidie. Humu mna nini?"

Tukalifungua. Mawe matatu, meusi kwa moshi upande mmoja.

Daksha akakaa chini sakafuni. Akaliweka moja mapajani, juu ya sari yake safi, akalishika kama mtu anayempakata mtoto. Masizi yakamwingia mikononi, akajifutia machozi kwa mikono ile ile, uso mzima ukawa mweusi.

"Dada," akaniuliza, "kuna mtu anahamia Toronto na mawe?"

Kabla sijajibu tukasikia nje mlango wa jirani unabishwa, kisha sauti ya Vinod, kwa Kiingereza chake cha kiwandani, ikisema chai itakuwa tayari baada ya nusu saa, na kwamba waje.