Boya Lililokokotwa na Gugumaji

Siku yangu ya kwanza kazini Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Afisa wa Uvuvi alinipa kamba yenye jiwe mwishoni, akaniambia nipime kina cha maji hadi jioni. Nilidhani ananitania. Kumbe mipaka ya ziwani ilianzia hapo. Ngege, samaki wa ziwa hilo, huzaliana kwenye maji ya kina kifupi karibu na matete, kwa hiyo sehemu hiyo tuliifunga kabisa. Iliyofuata ilikuwa ya ndoana tu. Mbele yake, nyavu zilikuwa halali.

Mpaka wenyewe tuliuonyesha kwa maboya. Kabla ya kutia nanga nililenga alama za nchi kavu: paa la kanisa na mwamba ulio nyuma yake vikae mstari mmoja. Vikiachana, umepotea.

Miaka ya tisini nilihamishiwa kituo kidogo nje ya mji, kwenye ghuba ileile niliyoitilia maboya, na gugumaji linaloelea likaivamia. Upepo ukilisukuma, hukokota chochote. Siku moja doria yetu ilikamata nyavu za Mama Akinyi, mjane mwenye mashua moja, upande wa boya ambako nyavu zilikatazwa.

"Bwana afisa," alimwambia Mkuu wa Kituo, "mimi sijafuata hiyo boya. Hiyo boya ndio imenifuata."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimeshaona kule majini kwamba paa limeachana na mwamba.

"Mkuu, boya limesogea. Twende nikuonyeshe."

"Mpaka ni boya," alisema. "Tukianza kutazama makanisa, kesho kila mvuvi atakuja na kanisa lake."

Nyavu zikachomwa ufuoni, mbele ya watu wote, kama ilivyokuwa desturi.

Kesho yake Mkuu alipanda mashua mwenyewe. Akatazama paa, akatazama mwamba. "Lirudishe," akasema, basi. Tulipomaliza, pale nyavu zilipokuwa zimetegwa palikuwa kabisa upande ambako nyavu ni halali. Nilikasirika. Mchana huohuo nikaenda kumwambia Mama Akinyi.

Sasa nimestaafu, niko Migosi, mtaa wa hapa Kisumu. Maafisa vijana, wenye mitambo ya kusoma mahali kwa setilaiti, huja kuniuliza kama mipaka yetu ilisaidia. Ilisaidia, ngege walirudi. Lakini mimi huwaambia pia alichonijibu yule mama, akiwa ameketi kando ya mashua yake tupu:

"Asante, Bwana. Sasa hiyo ukweli yako, nitaitega kwa maji?"