Nyoka Jike Aliyenyimwa Baridi

Mimi nilishuka treni kituo cha Gare du Midi na begi moja. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, na leo magari yangu yenye ngazi juu yanazunguka Bruseli yote. Nusu ya mapaa ya mtaa wa Berchem nimeyaziba mimi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kuzalisha nyoka kulinishinda kwa kukosa akili. Akili ninayo.

Nyoka wenyewe walikuwa wawili, dume na jike, weusi wenye pete nyeupe. Wazungu wanawaita wafalme, kwa sababu wanakula nyoka wenzao. Nilipewa na mzee mmoja wa mtaa wa Ukkel niliyemtengenezea paa. Alikuwa anahamia nyumba ya wazee, na huko wanyama hawaingii. Uzao ule aliulea tangu ujana wake, na hao wawili ndio waliobaki. Alitaka kitu kimoja tu: siku moja nimpelekee mtoto wao, amshike mkononi.

Akanifundisha palepale namna ya kujua kama jike yuko tayari. "Urefu unadanganya. Pitisha kidole mgongoni. Ukiusikia uti, bado. Halafu lazima apitishe miezi ya baridi kwenye baridi kweli, gizani, bila kula. Akiamka akajivua gamba, hapo ndipo umletee dume, na wote wawe wameshiba, la sivyo mmoja atammeza mwenzake."

Yote niliyashika, isipokuwa hilo la baridi.

Wewe uliyezaliwa huku hutanielewa. Mwaka wangu wa kwanza nililala chumba kisicho na joto, nimevaa suruali mbili, maji ya kunawa yanaganda kwenye ndoo. Siku nilipopata nyumba yangu niliapa: chini ya paa langu hakuna kiumbe atakayetetemeka. Na bibi harusi ukitaka azae, unamlisha, unampaka mafuta, unamweka pazuri. Nani anamtupa shimoni? Basi jike nikamweka saluni, chumba chetu cha kukaa, kando ya radiateur inayopasha nyumba joto, nikamlisha panya mpaka uti ukapotea ndani ya nyama. Watu wa kwaya yetu ya kanisani nikawaambia: majani yakirudi mitini mtaona.

Majani yalirudi. Dume akampanda, jike akataga. Mayai yenye uhai huwa meupe; haya yalikuwa ya manjano, magumu, madogo kama kokwa. Ndani hamna kitu. Mwaka uliofuata, vilevile. Na uliofuata.

Mke wangu, ambaye tangu nyoka waje hakuwahi kuingia saluni bila viatu, aliyatazama akacheka, akasema kwa Kiswahili cha kwetu:

"Papa, batu ba kanisa bameacha kututembelea juu ya ile nyoka yako. Sasa hata kuzaa haizae?"

"Itazaa."

"Lini? Miye nilikuzalia batoto bane bila radiateur."

"Maman, nyamaza."

"Bon, nanyamaza. Lakini ile nyoka imenona kunipita."

Kila majani yakirudi mzee alipiga simu. "Alors?" Yaani, vipi? Nami namjibu: bado, monsieur. Sauti yake ilikuwa inapungua. Mara moja akaniuliza, kwa upole, kama nimemlaza jike baridini. Nikamjibu nyumba yangu si friji.

"Jike amezeeka kama mimi," mzee akasema. "Atataga mara moja tena, labda. Safari hii mpe baridi."

Nikamshusha chumba cha chini, kwenye sanduku lenye giza. Huko hata pumzi yangu niliiona. Nilijizuia, haki ya Mungu nilijizuia. Lakini majira ya baridi yakiwa bado hayajafika nusu, Jumapili moja tukitoka kanisani, nilitia mkono ndani. Alikuwa baridi kama bomba la chuma, hajikunji. Nimebeba marehemu wetu wengi katika mji huu, najua mwili ukiwa hivyo. Nikampandisha juu, nikamweka tumboni mwangu ndani ya koti, mpaka akatoa ulimi. Nilicheka peke yangu. Mwanaume gani angemwacha kule? Hata leo ningempandisha.

Alijivua gamba vipandevipande, si zima kama inavyotakiwa. Nikamletea dume, dume akamnusa, akaenda kulala kona nyingine. Nikawatenga, nikawalisha, nikawarudisha. Mara moja tu dume alimpanda, bila haraka, kama mfanyakazi anayengoja saa ya kutoka. Jike akataga machache. Baada ya hapo hakunona tena. Uti ulimtoka mgongoni kote, kama kigongo cha paa.

Simu ikalia. "Alors?"

Bruseli nzima hakuna mteja aliyewahi kuninyamazisha. Siku ile nilikwenda na simu mkononi kuyatazama mayai tena.

"Ametaga, monsieur."

"Meupe?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Safari hiyo hakucheka.

"Manjano," nikasema.

"Bon." Halafu: "Bado anakula?"

"Kidogo."

"Mpe panya wachanga," mzee akasema, "wale wasio na manyoya. Wakubwa hatawaweza tena."