Ufunguo wa Saa Ninao Mimi

Nifichieni jina, kwa maana mume wangu husoma ukurasa huu kabla yangu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nimeolewa karibu na Ndhiwa, nina watoto wanne na nina wivu. Nasema mapema msije mkaniambia kama habari mpya.

Kaka ya mume wangu alifariki kabla ya zile mvua za El Nino. Aliugua muda mrefu akakonda, na mnajua siku hizi watu hunong'ona nini mtu akikonda. Kwa mila yetu wazee wakamkabidhi mume wangu yule mjane amrithi; tunamwita nyar Kendu, yaani binti wa Kendu, kwa sababu kwao ni Kendu Bay. Mume wangu aliniapia kwa Biblia: "Nitamlimia na kumwezekea nyumba, basi. Kulala, nalala kwako." Nikamwamini.

Shida ni saa ya babu yao. Ni saa ya mfukoni, ya fedha, yenye mnyororo, na ilikuwa imekufa miaka mingi. Wazee walisema ibaki kwa mjane mpaka mwanawe akue. Ghafla mume wangu, ambaye mlango wa jikoni kwangu umemshinda tangu Krismasi, akawa fundi. Akaisugua kwa majivu hadi ikang'aa, akaipeleka kwa mtengeneza saa Kendu Bay. Kisha akataka kujua babu aliipata wapi. Wakaenda wawili kuwauliza wazee waliopakia mizigo melini zamani, ati nyar Kendu ndiye anayewajua. Utafiti gani huo wa kuvaa viatu vya kanisani na kujipaka mafuta mpaka vifundoni? Walirudi jua limetua, wanacheka. Kumbe babu alizawadiwa na nahodha kwa kumwokoa mtu majini. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka imenitoka puani.

Saa ikafufuka. Lakini ni ya kizamani, hutiwa ufunguo mdogo kila jioni, la sivyo husimama. Basi kila jioni mume wangu huyo, kwa nyar Kendu. Kazi ya dakika moja, yeye anarudi chakula kimepoa.

Nikamwambia, "Baba watoto, huo ufunguo nipe. Nitakuwa nikienda mimi."

Akacheka. "Aa, nyar Migori! Unaonea wivu mpaka saa?"

"Ndiyo. Leta."

Alinipa bila ubishi. Nikaufunga kwenye pindo la leso, nikajiona mjanja. Kila jioni nilikwenda, nyar Kendu akinikaribisha vizuri, "Nyieka, keti, chai iko," kama wake wa ndugu wanavyoitana. Nikarudi kulala usingizi mtamu.

Wiki jana nilikwenda matanga kwetu Migori, siku tatu. Ufunguo niliondoka nao makusudi, saa ife, mtu asipate sababu. Niliporudi mume wangu akalalamika, "Sasa umeenda na ufunguo, saa ya babu imesimama tangu juzi."

Jioni nikaenda kuiamsha. Kabla sijaigusa nikaisikia inatembea. Nikatia ufunguo, ukakataa kuzunguka. Ilikuwa imejaa. Nyar Kendu akainama kupuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Sijamwambia mume wangu neno. Naumwa na moyo, na naogopa. Ndugu zangu, nishaurini: nianze kumuuliza ufunguo wa pili uko wapi, au nimwambie moja kwa moja twende sote watatu tukapimwe damu?