Nakala Iliyomwita Marehemu Kliniki

Saa tano asubuhi, Liao Hsiu-wen anaweka pakiti ya kijani ya vitafunio juu ya seva, kompyuta inayotunza data za hospitali, anaunganisha viganja na kuiomba itulie. Kila seva ya hospitali hii ya Chiayi ina pakiti yake, kwa imani kwamba mashine ikipewa hiyo haitasumbua. Hii ameibadilisha leo, ingawa ya juzi ilikuwa bado mpya.

"Nakala haijui kuwa ni nakala," anasema. "Ukiiamsha, inaendelea na kazi pale ilipoishia."

Kazi yake ni kunakili kanzidata ya wagonjwa, ili wenzake wajaribu programu mpya bila kugusa ile halisi. Juzi walitaka nakala ya mwaka jana. Kanuni anaijua: kabla ya kuiamsha, zima njia inayotuma ujumbe kwa wagonjwa.

Lakini huu ni mwezi wa mizimu, wafu wanaporudi kwa walio hai kama wageni, na meza ya sadaka ilikuwa imeshatandikwa nje ya lango. Mwenzake, A-Te, alimwita tena na tena, akamtania kwamba wageni wana njaa na wataanza na yeye. Hsiu-wen akaiamsha nakala, akashuka na udi wake. Njia angeizima akirudi.

Mezani haondoki mtu kabla udi haujaisha. Moshi ukiwa bado unapanda, kule juu nakala ilitazama tarehe, ikaona wagonjwa wengi wamekosa miadi, ikaanza kuwaita.

Wa kwanza kufika langoni alikuwa baba yake Hsiu-wen mwenyewe, Mzee Liao, amevaa shati la pasi, mkononi kadi ya kliniki ya mkewe. Mkewe alifariki majira ya baridi yaliyopita. Simu ya mkewe mzee bado huichaji, kando ya picha ya marehemu.

"Mama yako ameitwa kliniki Alhamisi," alisema.

"Ni kosa langu, Baba. Hiyo ni nakala ya zamani."

Mzee aliitazama kadi. "Humo kwenye nakala, yupo?"

"Yupo."

"Ndiyo maana. Nimekuta simu imeshajibu kwamba atakuja. Mimi kuandika kwenye simu sijui, na nyumbani niko peke yangu."

Hsiu-wen alipanda kutazama. Kwenye jina la mama yake palikuwa pameandikwa: amethibitisha.

Njia ya ujumbe sasa imezimwa. Mkuu wake alitaka nakala ifutwe siku ileile, lakini Mzee Liao aliomba jambo moja. "Subirini Alhamisi ipite, mwanangu. Msimwite mtu kisha mkamfungia mlango."

Mkuu alikuna kichwa, akakubali. Nakala itafutwa Ijumaa. Baada ya hapo Hsiu-wen anapanga kuleta kanuni mpya: hakuna nakala itakayoamshwa kabla waya wa mtandao haujachomolewa.

Alhamisi ameomba ruhusa ya kukaa na baba yake kliniki, kwenye viti vya kusubiria. Wataacha kimoja katikati.

"Natumaini foleni itakuwa fupi," anasema. "Mama hapendi kungoja."