Jasusi Aliyegeuzwa Mnunuzi wa Dhahabu

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo kikuu Kisangani, ambaye sasa anaishi Ulaya na hupenda kunitumia habari za kunielimisha, wiki iliyopita alinitumia makala kuhusu filamu mpya ya jasusi. Mwandishi alieleza kwa uzito mkubwa, kama mtu anayetoa taarifa ya mavuno, kwamba filamu hiyo imepokewa kwa ubaridi nyumbani kwao, lakini "masoko ya nje" yameikumbatia. Palikuwa na ramani. Nchi zilizoikumbatia sana zilipakwa rangi ya machungwa, zilizoikumbatia kidogo zilipakwa manjano. Kongo ilikuwa nyeupe, sawa na bahari.

Nilicheka peke yangu hapa barazani Kindu. Kama kuna soko la nje, ni sisi. Tuko nje hata ya hizo nje zao. Na jasusi wao ninamjua. Huyu wa sasa au mwenzake wa zamani, ni mtu yuleyule aliyebadilishiwa koti. Alikuja kwetu wakati wa vita, na mimi ndiye niliyempokea. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniomba taarifa ya jinsi alivyopokewa, naitoa bila kuombwa.

Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Reli ilikuwa imekufa, na njia za Punia na Kibombo hakuna aliyezipita ila mwenye shida kubwa kuliko woga wake. Kila kitu kilikuja kwa ndege: chumvi, sabuni, petroli, na kaseti za filamu. Mjomba wangu alikuwa na chumba cha video, kuta za matofali ya udongo, paa la mabati, mabenchi, televisheni moja na jenereta iliyokohoa kuliko wagonjwa wa hospitali. Alionyesha filamu mchana, akiziba madirisha kwa magunia, kwa sababu jioni hakuna aliyeruhusiwa kutembea.

Filamu zilisema Kifaransa, na watazamaji wengi hawakukijua. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya fasihi, kitu ambacho katika mji uliozingirwa kina faida ndogo kuliko jembe. Mjomba akanipa fimbo na nafasi ya kusimama kando ya televisheni. Kazi yangu ilikuwa kumgusa kwa fimbo anayesema na kueleza kwa Kiswahili anachosema. Watu wakaniita mwalimu. Nilidhani ni heshima.

Kisha ikaja kaseti ya jasusi. Tuliitazama kwanza wawili, mimi na mjomba, na sijawahi kuona mtu mpumbavu kama yule akilipwa kwa kazi ya siri. Kila alikoingia alitaja jina lake, tena kwa utaratibu, kama mtoto wa shule siku ya kwanza. Alivuka nchi sita bila kusimamishwa kwenye kizuizi hata kimoja. Sisi, kuvuka mto tu kwenda ng'ambo, tulihitaji karatasi yenye mihuri miwili. Alivaa suti nyeupe msituni, na suti ikabaki nyeupe. Mwishowe aliingia katika nchi ya wanajeshi, akamdanganya jenerali na kulipua nyumba yake.

Mjomba alizima jenereta, akanitazama.

"Benchi ya mbele njo ya askari," akasema; "njo" kwetu ni "ndiyo".

"Najua, mjomba."

"Na petroli nimeshanunua."

Kwetu jasusi huitwa espion, kwa Kifaransa, na neno hilo halikuwa la mchezo. Fundi wa redio aliyekaa karibu na soko aliitwa hivyo asubuhi moja, kisa ni waya mrefu aliokuwa ameufunga juu ya paa. Walimchukua kuelekea uwanja wa ndege. Hatukumwona tena. Sasa mimi nisimame mbele ya askari wenye bunduki kati ya magoti, niwaambie watu wamshangilie espion anayelipua nyumba ya jenerali?

Nikamgeuza mnunuzi wa dhahabu. Usomi wangu wote ulitoa tunda hilo moja. Nilisema huyu ni mfanyabiashara aliyenunua dhahabu kwenye machimbo ya Kama, mwenziwe akamwibia na kukimbilia ng'ambo, naye anamfuata kudai haki yake. Jenerali akawa mwenziwe mwizi. Wale wanawake warembo waliokuwa wakijitokeza kila baada ya dakika kumi, nikawafanya wadogo wa mke wa mwizi, na kwa kuwa walikuwa wengi mno nikasema familia ile ni kubwa. Palikuwa na bomu lenye namba nyekundu zinazorudi nyuma. Nikasema ni mizani ya kisasa, na dhahabu ndani yake inapungua. Chumba kizima kikaguna kwa uchungu.

Ilipendwa kupita kiasi. Watu walisimama juu ya mabenchi, wakampigia makofi mnunuzi wetu, wakamwonya, "Nyuma yako! Nyuma!" Tuliionyesha siku tisa mfululizo. Nilianza kujiona mtunzi. Nilidhani ni mimi niliyewafikishia filamu ile, na kwamba bila mimi wangekuwa wanatazama ukuta.

Siku ya kumi aliingia kamanda mwenyewe. Hakuwa mtu wa kwetu, na alikuwa amesoma. Alikaa kwenye kiti cha mjomba, mguu juu ya mguu. Nilipofika kwenye mizani akainua mkono, na mjomba akasimamisha kaseti.

"Mwalimu," akasema polepole, "ule muntu amesema nini pale?"

"Amesema... dhahabu yake inapungua, Komanda."

"Miye nimesoma Kifaransa. Amesema yeye njo espion. Kwa nini unaficha? Weye unamufichia nani?"

Nikaanza kumweleza habari ya tasnifu yangu ya kurasa mia. Ndipo mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akiuza mikate ya mchele mlangoni na kuingia bure kila siku, akasema bila kusimama:

"Komanda, baba yangu, usimusumbue bure. Siye wote tunajua ule njo espion. Hata mutoto anaona. Tunamuachaka mwalimu aseme maneno yake kwa sababu anafurahi."

Watu walicheka, kicheko kifupi, cha kweli. Siku tisa! Nilitamani kamanda anichukue upesi, aniondolee aibu ile.

Lakini kamanda hakucheka. Alitazama chumba chote. "Munajua ni espion, na munamupigia makofi?"

Tukaelewa sote kwa pamoja kwamba mama, kwa kuniokoa mimi, alikuwa ameweka watu hamsini mahali pangu.

"Rudisha mwanzo," kamanda akamwambia mjomba. "Na leo mwalimu aseme kweli. Miye nitaangalia watu. Mwenye atamupigia espion makofi, tutaenda naye."

Akageuza kiti chake, mgongo kwa televisheni, uso kwa watu. Mlango ulikuwa na askari wawili.

Nikaanza. "Huyu ni espion," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu anayesoma hukumu yake. Nikaeleza yote, neno kwa neno, na watu wakakaa kama wako kwenye matanga ya mtu wasiyemjua. Gari likatumbukia baharini: hakuna aliyeguna. Mtu akamjia jasusi kwa kisu nyuma: hakuna aliyemwonya. Mshonaji mmoja mzee alipiga mwayo, na nina hakika haukuwa wa kuigiza.

"Huyu muntu hana hata mama?" akauliza muuza mikate, kwa sauti ya juu, ili kamanda asikie jinsi anavyomdharau. "Tangu mwanzo hajakula."

"Anakula pombe tu," mshonaji akajibu.

Ndipo nilipoiona filamu ile kwa mara ya kwanza. Bila kelele zao ilikuwa mtu mmoja mwenye nywele zilizochanwa vizuri, akikimbia. Hakuna zaidi. Ule moto tulioona siku tisa ulitoka kwenye mabenchi, si kwenye kaseti, na wale waliotengeneza kaseti wasingejua hata siku moja. Wangepaka tu ramani yao.

Kadiri filamu ilivyosonga, niliona shingo ya kamanda ikisumbuka. Nyuma yake palikuwa na milio, injini, wanawake wakipiga kelele, na yeye mbele yake ana nyuso hamsini zilizolala. Alitupa jicho juu ya bega. Akarudi. Akatupa tena. Treni ilipofika kwenye daraja lililovunjika, kiti chake kililia, na miguu ya mbele ya kiti ikawa imeelekea televisheni. Nikaendelea kusoma kwa sauti ileile ya matanga: espion anapanda juu ya paa, espion anaruka.

Nyumba ya jenerali ikalipuka. Jasusi akatoka ndani ya moshi, akirekebisha tai.

"Yee!" kamanda akapaza sauti. "Njo muanaume!" Akapiga makofi, moja, mbili, tatu, kwa nguvu, mikono juu ya kichwa.

Kisha akasikia makofi yake mwenyewe.

Hakuna mwingine aliyepiga. Mjomba alishika jenereta kana kwamba inaweza kumtoroka. Askari wa benchi ya mbele walitazama viatu vyao, na wale wawili wa mlangoni wakatazamana, kila mmoja akisubiri mwenziwe akumbuke amri ilisemaje. Watu hamsini walimtazama kamanda kwa upole, bila kucheka, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Alisimama. Akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Filme ya bure," akasema. "Munapoteza petroli."

Akatoka, askari wote nyuma yake, wa mwisho akitembea kinyumenyume ili aone jenerali amekufa au la. Tulisikiliza gari lake likiteremka upande wa mto mpaka sauti ikaisha.

Jasusi alikuwa bado anaendelea, sasa yuko kwenye mashua na mmoja wa wale wanawake. Nikakumbuka kazi yangu. Nikasafisha koo, nikainua fimbo nimguse anayesema.

"Mwalimu," akasema muuza mikate, akisogea kidogo kwenye benchi kunipa nafasi, "kuja ukae. Macho tuko nayo."