Chanjo Iliyoganda

Mchanjaji wa kuku wa mtaa wetu hapa Buhembe hafungui chupa kabla ya kuipasha joto kwapani. Huitikisa polepole, huiinua kuitazama, kisha humshika kuku kwa kiganja kipana chenye makovu ya kudonolewa, akimsemesha Kihaya mpaka atulie. Chanjo hii mpya ya mafua ya ndege imechanganywa na mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoamsha kinga ya kuku na kuifanya idumu. Hilo hulieleza kila nyumba, hata kwa waliokwisha kulisikia.

Jumanne bwana mmoja wa ofisi ya mifugo alimletea chupa zilizokuwa zimeganda kwenye friza. Zilipoyeyuka, mafuta yalijitenga yakaelea juu.

“Tikisa uchome,” bwana alisema. “Hao kina mama watajuaje?”

Mchanjaji aliiweka chupa chini. “Mama Joviana amewafungia kuku tangu asubuhi kwa sababu nilimwambia hii ni kinga. Leo nikamchomee kitu kilichoharibika?”

“Ripoti inasubiriwa.”

“Basi sindano hii hapa, kachome mwenyewe. Mimi nitasimama pembeni nimwambie unachoma nini.”

Bwana alirudisha chupa garini bila kuaga. Mchanjaji akapita nyumba kwa nyumba, akisema wazi chanjo imeharibikia wapi. Kwa Mama Joviana, aliyefiwa na kuku wote mwaka jana, mchanjaji aliinama kwenye tenga. Akalifungua mwenyewe, akawatoa kuku mmoja mmoja.